Karatasi imeandikwa 1:84, daktari kasema "hatari kubwa". Mtoto ana tatizo au maabara wamekosea?

#1 MamaK wa Mbezi
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 38, mimba ya tatu. Wawili wa kwanza niliwazaa nikiwa na 26 na 29, kliniki ya kawaida tu: wingi wa damu, mkojo, kaswende, VVU, basi. Safari hii mume kapata kazi yenye bima, tukaenda hospitali ya binafsi. Daktari alipoona umri wangu kwenye kadi akaniandikia kipimo cha damu "cha kuangalia mtoto". Nikatolewa chupa moja, nikaambiwa sampuli inapelekwa nje ya nchi. Siku ya tisa napigiwa simu.

Karatasi ina kurasa mbili. Kuna mchoro wa mstari unaopanda kama kilima, na kitone chekundu juu yake, ndiyo mimi. Chini imeandikwa: Trisomia 21, 1:84, hatari kubwa. hCG 2.1, PAPP-A 0.42. Benchi la nje lilikuwa limejaa watu, daktari akasema maneno machache ya haraka, kromosomu, sindano ya tumboni, "nendeni mkajadiliane na mzee". Nimetoka pale nimesahau hata kadi yangu mezani kwake.

Mume anasema tumwachie Mungu, tusipime tena chochote. Mama mkwe anasema nilitoka nje mwezi ulipopatwa. Mimi nasema maabara wamekosea, kwa sababu kwetu hakuna mtoto wa hivyo na kwao pia hakuna. Aliyewahi kupitia hili anisaidie. Sijalala siku mbili.

#2 Mlalahoi
Ngoja waje wenye fani. Mie nimekaa paleee na chai yangu.

#3 Ukweli Mchungu
Dada, hiyo ni biashara. Wamekutisha ili ununue kipimo kinachofuata, na kile kikikutisha ununue cha tatu. Bibi yangu kazaa kumi na mmoja porini Sikonge, hakupimwa hata mkojo. Bima ndiyo imekuponza.

#4 Nesi wa Zamu
Pole mama, kaa chini kwanza. Chukua wajawazito 84 wenye majibu kama yako, wapange kwenye viti. Kwa hesabu ya hiyo karatasi, mmoja wao ndiye amebeba mtoto mwenye sindromu ya Down, ndiyo hiyo trisomia 21, kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili. Wengine 83 hawana. Haijasema mtoto wako anayo. Hicho ni kipimo cha kuchuja, kazi yake ni kama chekecheke: kinabakisha juu wale wa kuangaliwa vizuri zaidi. Jibu la uhakika hakitoi, kizuri wala kibaya.

Sasa nijibu haya. Siku wanakutoa damu ulikuwa na wiki ngapi, na hizo wiki nani alizihesabu, kwa hedhi au kwa altrasaundi? Walikupima ngozi ya nyuma ya shingo ya mtoto? Kwenye fomu waliandika uzito gani?

#5 Mnyamwezi Halisi
1 kwa 84 ni kama asilimia 1.2. Mimi nikiambiwa mvua ni asilimia moja sibebi mwavuli.

#6 Bint Mvita
#5 na ukiambiwa boti ya Unguja leo ina nafasi 1 kwa 84 ya kuzama, utapanda yakhe?

#7 Mnyamwezi Halisi
Sisi Tabora hatuna bahari, usinichanganye.

#8 Kibatari
Mleta uzi, tatizo lako ni moja na ni rahisi. Programu ya kompyuta inayokokotoa hizo namba imetengenezwa na wazungu kwa damu ya wazungu. Mwafrika ukiingizwa humo lazima utoke mwekundu. Achana nao.

#9 Fundi Darubini
#8 umeanza vizuri ukaishia pabaya. Nipo maabara miaka kumi na mbili, acha niweke sawa.

hCG ni homoni na PAPP-A ni protini, zote zinatoka kwenye kondo la nyuma na kuingia damu ya mama. Hizo 2.1 na 0.42 si kiasi chake. Ni mara ngapi ya kiwango cha kati cha wanawake wenye wiki kama zako. 1 ndiyo katikati. Mimba yenye Down, katika miezi mitatu ya kwanza, kwa kawaida huwa na hCG iliyopanda na PAPP-A iliyoshuka, ndiyo maana mashine imekuchagua.

Kuhusu rangi: ni kweli wanawake weusi wana viwango tofauti, na fomu nzuri lazima iulize asili yako. Lakini PAPP-A yetu huwa JUU kuliko ya wazungu. Wasiporekebisha, PAPP-A yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na hatari itatoka NDOGO. Kosa la rangi lingemficha mgonjwa, lisingemsingizia mzima. Kwa hiyo tafuta sababu nyingine.

#10 Kibatari
Sawa mkuu nimenyoosha mikono. Ila wazungu siwaamini hivyo hivyo.

#11 Jirani Mwema
Pole dada. Mtoto wa jirani yetu ana usonji, alizaliwa hivyo hivyo macho yamevutika na ulimi nje, na mama yake anampenda sana.

#12 Mama Hamisi
#11 huo si usonji, ndugu. Usonji hauonekani usoni, na hakuna kipimo cha damu ya mama kinachouonyesha. Unachoeleza ni Down. Watu wanavichanganya mpaka kwenye mikutano ya shule, nimechoka kusahihisha.

Mleta uzi, mimi ninaye. Hamisi ana miaka 9. Nilimzaa nikiwa na miaka 24, kwa hiyo hao wanaosema ni ya wazee tu wanikome. Umri unaongeza, ndiyo. Kwa miaka 35 ni takribani 1 kwa 350, ukifika 40 ni kama 1 kwa 100. Lakini vijana ndio wanaozaa kwa wingi, na ndiyo maana watoto wengi wa Down wana mama vijana.

Kilichoniuma si mtoto. Kilichoniuma ni kwamba pale nilipojifungulia waliona siku ileile na hakuna aliyefungua mdomo. Wanapokezana kumtazama, wananong'ona, wananirudishia. Nimekaa miezi mitano mtoto ananyonya anatoka jasho mpaka nywele zinalowa, nadhani ni joto la Buza. Kumbe moyo una tundu. Karibu nusu ya watoto wa Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Akafanyiwa upasuaji Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, leo anakimbia kuliko dada yake. Ningejua tangu tumboni ningeanzia huko, nisingezunguka na dawa za kifua miezi mitano.

#13 Ukweli Mchungu
#12 Mungu akukuzie. Lakini hata ungejua, ungefanya nini? Ndiyo swali langu kwa wote. Sheria ya nchi hii hairuhusu kutoa mimba kwa sababu ya Down, inaruhusu kuokoa maisha ya mama tu. Sasa kujua kunasaidia nini zaidi ya kumtesa mjamzito miezi sita?

#14 Mama Hamisi
Nimeshakuambia: ningejua ningeanzia kwa daktari wa moyo. Soma kabla ya kujibu.

#15 Shangazi wa Leicester
Habari za huko nyumbani. Nami nilipata 1 kwa 40 hapa Uingereza, na wala si hospitali kubwa, ni mkunga tu. Huku kila mjamzito anapewa kipimo kati ya wiki ya 10 na ya 14, damu pamoja na altrasaundi ya ngozi ya shingo, na una haki ya kukataa. Ukitoka kati ya 1:2 na 1:150 ndiyo unaitwa hatari kubwa. Tangu 2021 England wanakupa bure kipimo cha pili cha damu kabla ya kufikiria sindano, wanaita NIPT. Kinaangalia vinasaba vyenyewe, si homoni. Jibu langu likarudi halina tatizo. Mtoto yuko shule ya awali, ana kelele za kutosha.

Mleta uzi, uliza kama hospitali yako wanakusanya sampuli za NIPT. Usirukie sindano.

#16 Mlalahoi
Vinasaba vya mtoto vinafikaje kwenye mkono wa mama? Si yuko kwenye mfuko wake huko chini?

#17 Fundi Darubini
Swali zuri, weka chai chini.

Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki ovyo, ila kondo la nyuma lina seli zinazokufa na kumwaga vipande vya DNA kwenye damu ya mama kila siku. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walichapisha kwamba wamevikuta. Walitafuta kromosomu Y kwenye maji ya damu ya wajawazito. Mama hana Y. Ukiikuta, imetoka kwa mtoto wa kiume. Lo mwenyewe amewahi kusimulia kwamba wazo la kuyachemsha hayo maji ya damu lilimjia kwa kupika tambi. Kipimo kikaingia sokoni 2011.

Kinafanyika kuanzia wiki ya 10. Mashine inahesabu mamilioni ya vipande, vya kromosomu 21 vikizidi kidogo kuliko inavyotarajiwa, inakupigia kengele. Pia 18, inayoitwa Edwards, na 13, inayoitwa Patau, ambazo ni nzito zaidi na watoto wengi hawafiki mbali. Chupa yake si hii ya kawaida. Ina dawa inayozuia seli za mama zisipasuke na kumwaga DNA yake, ambayo ingeimeza ya mtoto. Ndiyo maana inaweza kusafiri siku kadhaa bila barafu, tena ukiigandisha umeiharibu. Nimewahi kuona msafirishaji kaipakia kwenye maboksi ya barafu kama samaki wa Feri. Mama wa watu akaitwa kutoa damu upya.

#18 Bint Mvita
Kwa hiyo hiyo NIPT ndiyo mwisho wa maneno?

#19 Fundi Darubini
Hapana. Nayo ni chekecheke, ila matundu yake ni madogo zaidi. Kwa Down inawakamata zaidi ya 99 kati ya 100. Tatizo lipo kwa wanaosingiziwa. Fanya hesabu hii ya kupigia mfano: chukua wajawazito 10,000 vijana, ambao mmoja kwa kila elfu ana mtoto wa Down. Wako 10. Kipimo kikikosea kwa mtu mmoja tu kati ya elfu, kitawasingizia wengine kama 10. Maana yake kijana akiambiwa "ipo", ni kama kurusha shilingi. Sasa chukua 10,000 wenye umri wa miaka 40, wenye kweli wako 100, wanaosingiziwa bado ni 10. Hapo neno "ipo" lina uzito. Mashine ni ileile, karatasi ni ileile.

Na kinapima kondo, si mtoto mwenyewe. Mara chache kondo lina hitilafu na mtoto hana. Ndiyo maana hakuna daktari makini anayeamua jambo kubwa kwa NIPT peke yake. Uhakika unatoka kwenye seli zenyewe: kipande cha kondo kuanzia wiki ya 11, au maji ya chupa ya uzazi kuanzia wiki ya 15.

#20 Nesi wa Zamu
Naongezea #19. Hiyo sindano ya kuchukua maji ya chupa inaweza kuharibu mimba, chini ya mmoja kwa kila mia kwa mikono iliyozoea. Na kama kundi lako la damu ni hasi, kumbusha upewe sindano ya kinga. Wanasahau.

Mleta uzi bado hujanijibu maswali yangu.

#21 MamaK wa Mbezi
Samahanini, umeme ulikatika. Asanteni, nimesoma zote mara mbili.

Nesi, nimechukua kadi na nakala ya fomu leo. Altrasaundi ya kwanza waliandika tu "mtoto mmoja, moyo unadunda". Shingo hawakupima. Wiki walihesabu kwa hedhi, fomu inasema wiki 13 na siku 2 siku ya kutoa damu. Sasa hapo nikiri: nilikuwa kwenye sindano ya miezi mitatu, nikaacha mwaka jana, hedhi ikawa inakuja inavyotaka. Nesi wa mapokezi aliponiuliza tarehe nilikisia, mume amesimama pembeni anaangalia saa.

Uzito wameandika 64. Mimi nina 94. Nilipoiona nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Na kitu kingine sikumwambia daktari. Wiki za mwanzo niliona damu siku mbili, ikakata yenyewe.

#22 Mnyamwezi Halisi
64! Aliyeandika alikuwa anakutongoza.

#23 Nesi wa Zamu
Nilijua. Mama, kesho usiende kwa mwenye sindano, nenda kwa mwenye altrasaundi. Apime urefu wa mtoto, kichwa hadi makalio. Akiwa kati ya milimita 45 na 84, apime na ngozi ya shingo palepale. Tarehe ya sindano ya uzazi wa mpango haina uaminifu hata kidogo, nimeona mtu anasema miezi mitatu yuko wa tano.

#24 Fundi Darubini
Sababu nne zipo mezani sasa, na zote zinawezekana.

Wiki: PAPP-A inapanda kwa kasi kadiri wiki zinavyokwenda, hCG inashuka baada ya wiki ya 10 hivi. Kama ulikuwa wiki ya 11 wakakulinganisha na wa wiki ya 13, PAPP-A itaonekana ndogo na hCG itaonekana kubwa. Ndiyo picha yako kabisa.

Uzito: mama mwenye mwili mkubwa ana damu nyingi, homoni inazimuliwa kama juisi iliyoongezwa maji. Programu inarekebisha, lakini wewe wamekurekebisha kwa kilo 64. Hapa hCG nayo ingeonekana ndogo, kwa hiyo uzito peke yake hauelezi ile 2.1.

Damu ya mwanzo: labda kulikuwa na pacha akaishia njiani. Hilo linaweza kuvuruga homoni, na NIPT pia, maana kondo lake huendelea kumwaga DNA kwa muda.

Ya nne: kipimo kiko sahihi.

#25 Sohar hadi Sur
Salamu kutoka Oman. Hamjagusa la ndoa za binamu. Huku watu wanaoana ndani ya ukoo na magonjwa ya kuzaliwa nayo yapo. Mleta uzi wewe na mume ni ndugu?

#26 MamaK wa Mbezi
Yeye Mpare, mimi Mndengereko. Undugu wetu ni wa kutaniana tu.

#27 Fundi Darubini
#25 binamu wanaongeza magonjwa ambayo mtoto anahitaji kurithi kasoro pande zote mbili, kama selimundu. Down nyingi si za kurithi. Yai linapogawanyika, kromosomu 21 mbili zinagoma kuachana, zinaingia pamoja. Mayai ya mwanamke yametengenezwa yeye mwenyewe akiwa tumboni mwa mama yake, kwa hiyo yai la mama wa miaka 38 lina miaka 38 na zaidi kidogo. Ndiyo siri ya umri. Asilimia chache tu hutokana na kromosomu zilizounganika, na hizo ndizo zinaweza kupita kwenye ukoo. Kwa hiyo mleta uzi, ile hoja yako ya "kwetu hakuna" haina msaada kwako, samahani.

Na NIPT hii ya kawaida haiangalii selimundu. Tanzania tuko miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa selimundu duniani, na kipimo cha wazazi kabla ya mimba ni rahisi kuliko vyote tunavyobishania hapa.

#28 Ukweli Mchungu
Na mwezi kupatwa mbona mmeuruka? Mama mkwe naye ana haki ya kusikilizwa.

#29 Bint Mvita
Kwetu ni mdomo sungura ndio unasemwa ni wa kupatwa kwa mwezi, si Down. Hata ushirikina una mipaka yake.

#30 Tausi wa Mbeya
Naomba kuuliza hapahapa. Mtoto wangu wa pili alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji MOI Muhimbili, wakamwekea na mrija kichwani. Hicho kipimo kingeonyesha? Nataka kubeba tena.

#31 Nesi wa Zamu
Tausi pole. NIPT isingeonyesha, kwa sababu mgongo wazi kwa kawaida si hesabu ya kromosomu iliyozidi. Kinachoonyesha ni AFP, protini ya mtoto inayopimwa kwenye damu ya mama kati ya wiki ya 15 na ya 20. Mgongo ukiwa wazi, AFP ya mtoto inavuja kwenye maji ya chupa na kufika kwa mama ikiwa nyingi. Halafu altrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22, anayejua kuangalia uti wa mgongo. Siku hizi hiyo ndiyo inayokamata wengi.

Lakini wewe usisubiri kipimo. Uti wa mgongo unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, wakati wengi hata hawajajua. Sisi kliniki tunampa mama vidonge vya damu amekuja na miezi minne, mlango umeshafungwa zamani. Kwa aliyewahi kupata mtoto wa hivyo, foliki asidi inaanza kabla ya mimba, na dozi ni kubwa mara kumi ya kawaida. Wa kawaida ni mikrogramu 400, wewe daktari atakuandikia miligramu 4 au 5. Utafiti mkubwa wa 1991 ulionyesha inazuia takribani theluthi mbili hadi tatu kwa nne ya marudio. Na kama unatumia dawa ya kifafa, mwambie, hasa valproate. Usiiache mwenyewe, mwambie tu.

#32 Tausi wa Mbeya
Nilikuwa nakunywa hiyo ya kifafa. Hakuna aliyeniambia.

#33 Nesi wa Zamu
Nitumie ujumbe wa pembeni.

#34 Mnyamwezi Halisi
Si waliweka hiyo foliki kwenye unga? Niliona nembo kwenye mfuko.

#35 Nesi wa Zamu
Kwenye unga wa viwandani, ndiyo. Unaosagwa mashine ya mtaani na mahindi yako mwenyewe hauna kitu. Na nusu ya nchi inakula huo wa mashine. Nimesema nusu kwa hasira, msininukuu.

#36 MamaK wa Mbezi
Mrejesho wakuu. Nimefanya altrasaundi asubuhi kwa daktari mwingine. Mtoto ana milimita 64. Anasema ni wiki 12 na siku 5 leo, kwa hedhi yangu ingekuwa wiki 15 kamili. Ngozi ya shingo milimita 2.1. Alikuwa anajigeuza, daktari akanitikisa tumbo na kile kifaa mpaka akalala chali, nikaona mkono mzima, vidole. Hajasema "salama", kasema hiyo shingo iko ndani ya kawaida.

Fundi, kwa hesabu yangu siku ya damu nilikuwa wiki ya 11 kamili. Nitoe damu nyingine?

#37 Fundi Darubini
Huhitaji. Homoni walizozipima ni zilezile, waandikie wakokotoe upya kwa tarehe sahihi, kilo 94, na hiyo 2.1 ya shingo. Damu peke yake bila shingo inakamata kama theluthi mbili tu ya Down, zikiunganishwa inafika 85 hadi 90 kwa mia.

#38 Ukweli Mchungu
Nilisema mimi tangu #3. Wamekosea.

#39 Shangazi wa Leicester
Hukusema wamekosea wiki, ulisema ni biashara. Usihamishe goli.

#40 MamaK wa Mbezi
Siku ya tano leo, wamerudisha: 1:310. Karatasi safari hii ina kitone cha kijani. Daktari anasema mstari wao ni 1:250 kwa hiyo sasa mimi ni "hatari ndogo". Ina maana ilikuwa wiki au uzito?

#41 Fundi Darubini
Wamebadilisha vyote pamoja na kuongeza shingo, haitajulikana kipi kilisukuma zaidi. Mimi kura yangu ni wiki.

#42 Nesi wa Zamu
Mimi nasema shingo ndiyo imeshusha. Na ile damu ya mwanzo bado inanisumbua.

#43 Bint Mvita
Yaani 1:310 ni kijani na 1:249 ingekuwa nyekundu? Na kwa huyo wa Leicester mstari ni 150. Mpaka wenyewe unahama kama wa shamba la mirathi.

#44 Shangazi wa Leicester
Kweli. Mstari ni uamuzi wa watu, wakiutoa 150 kuupeleka 250 wanakamata wengi na kuwatisha wengi. Mimi ningekuwa wewe, kama pesa ipo, ningefanya NIPT nilale.

#45 Mama Hamisi
Mimi ningekuwa wewe ningeacha hapo, nikasubiri altrasaundi ya wiki ya 20 waangalie na moyo. Ila usingizi ni wako.

#46 MamaK wa Mbezi
NIPT bima haigusi, nimeambiwa zaidi ya milioni. Mume sasa ndiye anataka tufanye, mimi ndiye nasita. Tumebadilishana viti. Mama mkwe anasema kitone kimegeuka kijani kwa sababu alinipaka mafuta.

Mama Hamisi, hata jibu liwe lipi, ningependa kumwona kijana wako. Buza si mbali na alipo dada yangu.

#47 Mpita Njia
Wakuu habari. Sijasoma uzi wote. Hicho kipimo kinaonyesha na jinsia?

#48 Mlalahoi
#17, Y. Chai imeisha.

#49 Mama Hamisi
MamaK karibu Jumamosi mchana. Ukishuka utamkuta kituoni na kaka yake, anajua vituo vyote Buza hadi Kariakoo kwa mpangilio na anawaita abiria kuliko konda mwenyewe. Ficha simu, ataiomba.